Kuchora picha kwa baiskeli Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mnachora nini hasa, na mnachoraje?

Unawasha programu ya kurekodi safari kwenye simu, unaendesha baiskeli kwenye barabara ulizozichagua tangu nyumbani, na ukimaliza unakuta mstari wa safari yako umebaki juu ya ramani. Kona zikiwa zimechaguliwa vizuri, mstari huo unakuwa picha: sato, ndege, herufi, uso wa mtu. Barabarani penyewe hakuna alama yoyote. Anayekupita anaona mtu tu kwenye baiskeli, anaingia mtaa, anatoka, anarudi tena.

Kwa nini baiskeli, na si gari au miguu?

Kwa miguu utachoka kabla hujafika mkiani mwa samaki. Gari haliingii vichochoroni. Baiskeli unaipanda Nyakato, unaisukuma penye mchanga, na ukifika kwenye ngazi za mawe za Isamilo au Mabatini unaibeba begani na safari inaendelea. Kwa mji uliojengwa juu ya miamba kama huu, sijaona chombo kingine kinachoweza yote hayo.

Jambo hili lilianzia wapi?

GPS, mfumo wa setilaiti unaokiambia kifaa mahali kilipo, ni wa Marekani, na ulijengwa kwa ajili ya jeshi. Kwa miaka mingi mawimbi waliyopewa raia yalikuwa yamevurugwa kwa makusudi, kiasi kwamba kifaa kingeweza kukosea kwa mita 100 hivi. Hebu fikiria kosa hilo mjini kati: uko Rwagasore, kifaa kinasema uko mtaa mwingine kabisa. Mei 2000 Marekani iliondoa uvurugaji huo, na ndipo kuchora mtaa kwa mtaa kulipowezekana. Mwaka huohuo Jeremy Wood na Hugh Pryor, huko Uingereza, walianza kuchora kwa kutembea na kusafiri wakiwa na vifaa vya GPS.

Strava, programu ya kurekodi safari, ilianza 2009 na ikafanya kurekodi safari kuwa jambo la kila mwendesha baiskeli. Stephen Lund, wa mji wa Victoria huko Kanada, akajulikana tangu 2015 kwa wanyama na watu anaowachora kwa baiskeli. Anthony Hoyte wa Uingereza anajulikana kwa picha za sikukuu anazochora kwenye mitaa ya London. Na yupo Yasushi Takahashi wa Japani, aliyezunguka nchi yake kwa takriban miezi 6 akaandika ombi la ndoa kwenye ramani, mstari wa zaidi ya kilomita 7,000. Mwaka 2010 Guinness, wale wa rekodi za dunia, waliutambua kuwa mchoro mkubwa kuliko yote ya GPS. Mchumba alikubali.

Je, nahitaji kifaa cha gharama?

Hapana. Simu janja ya kawaida, ikiwa mahali penye anga wazi, inajua ilipo kwa kukosea mita 5 hivi. Hiyo inatosha kabisa. Chipu nyingi za siku hizi hazisikilizi GPS peke yake. Zinapokea pia setilaiti za GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China, na kadiri setilaiti zinavyokuwa nyingi ndivyo mstari unavyotulia. Saa za michezo na vifaa vya kufunga kwenye usukani vina faida moja kubwa, chaji. Kama huna, beba pawabenki.

Inakula bando?

Kurekodi hakuli. Simu inapokea tu mawimbi yanayotoka kwa setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia. Haitumi kitu kwenda huko. Bando linatumika kufungua ramani na kupakia safari ukishamaliza. Pakua ramani nyumbani kwa kutumia OsmAnd au Organic Maps, kisha unaweza kuendesha siku nzima bila intaneti.

Kuna jambo moja tu la kujua. Intaneti huisaidia simu kuzipata setilaiti haraka. Bila intaneti, simu iliyozimwa muda mrefu inalazimika kusubiri taarifa kutoka juu kwenyewe: sekunde 30 kwa setilaiti moja kueleza mahali ilipo, na dakika 12 na nusu kupokea orodha kamili ya setilaiti zote. Kwa hiyo washa programu ukiwa bado unajaza upepo kwenye tairi. Usianze safari mpaka ile nukta ya bluu itulie.

Napangaje picha? Sina kipaji cha kuchora.

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake ni kwamba usianze na picha. Anza na ramani. Wengi huja na simba kichwani, wanataka kumlazimisha akae juu ya Mwanza, na Mwanza inakataa. Mji huu haukupimwa kwa rula. Ziwa linaukata upande wa magharibi, vilima vya mawe vinaukata katikati, na barabara zimepita pale ambapo jiwe limeruhusu. Mtaa wa miraba iliyonyooka uko mjini kati, Uhuru, Lumumba, Rwagasore na jirani zake, nao ni mdogo. Capri Point yote ni kona zinazopinda kufuata mawe na maji. Kwa hiyo unaangalia kwanza barabara zimekaa vipi, halafu unajiuliza: hiki kinafanana na nini?

Nichukue mfano mmoja mkubwa. Fungua ramani ya jiji ikiwa mbali kidogo. Kutoka mjini zinatoka barabara 3 kubwa: Makongoro inapanda kaskazini kupitia Kirumba kuelekea uwanja wa ndege, Nyerere inaenda mashariki kupitia Mabatini na Nyakato hadi Igoma, na Kenyatta inashuka kusini kupitia Igogo, Mkuyuni na Nyegezi hadi Buhongwa. Sasa tafuta zinazoziunganisha hizo tatu huko nje. Kaskazini utakuta njia ya Sabasaba, Kiseke, Buswelu, inayokurudisha Nyakato. Kusini utakuta ya Igoma, Kishiri, Buhongwa. Ukizifuata hizo kwa kalamu unapata duara mbili zilizoshikana kwenye Nyerere. Geuza karatasi ukae upande wa ziwa: Nyerere ni kiwiliwili, duara ni mabawa. Kipepeo, kichwa chake kikiwa mjini. Hakuna aliyemchora. Alikuwepo tangu barabara hizo zilipokutana, na kazi iliyobaki ni kumtafutia vipapasio na madoa kwenye mitaa ya ndani.

Njia ninayoiamini ni ya zamani: chapisha ramani kwenye karatasi pale steshenari, izungushe pande zote nne, juu chini pia, na utumie penseli. Kwenye skrini jicho linafuata majina ya mitaa na kusahau maumbo. Ukishapata umbo, ndipo unaingia kwenye programu ya kupanga njia, ya Strava, Komoot au Ride with GPS, unaweka nukta kona kwa kona, kisha unatoa faili la GPX, yaani faili lenye nukta za njia yako, la kufuata barabarani. Mwangalie mpangaji huyo kwa makini: kazi yake ni kukupa njia fupi, na atakunyoosha pale ulipotaka kupinda. Weka nukta nyingi.

Kuhusu ukubwa, mchoro mdogo unaharibika haraka. Kosa la mita 5 halionekani kwenye bawa la kilomita 3, ila kwenye jicho la mita 20 linageuza jicho kuwa kidonda. Mimi siweki kitu chochote cha maana chenye upana chini ya mita 100, na mistari miwili inayokwenda sambamba naiacha mita 50 au zaidi.

Nitajuaje kama picha inaweza kuchorwa kwa mstari mmoja bila kurudia barabara?

Kuna kanuni, na ni nzuri sana. Ilitokana na Leonhard Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, alipochunguza kama mtu angeweza kuyapita madaraja yote 7 ya mji wa Königsberg, kila moja mara moja tu. Hesabu kila njia panda ya mchoro wako: ina mikono mingapi? Njia panda zenye mikono isiyogawanyika kwa 2 zikiwa hazipo kabisa, unaweza kuanza popote na ukarudi ulipoanzia. Zikiwa 2, anza kwenye moja na utamalizia kwenye nyingine. Zikizidi hapo, kuna mahali utarudia tu.

Mjaribu kipepeo wetu. Mjini kuna mikono 3. Nyakato, pale njia ya Buswelu inapoingia, kuna 3. Igoma ipo 2: unaingia, unatoka. Kwa hiyo anachoreka kwa mstari mmoja, mradi uanzie mjini au Nyakato. Anzia mjini: Makongoro, Kiseke, Buswelu, Nyakato, nyoosha hadi Igoma, Kishiri, Buhongwa, rudi mjini kwa Kenyatta, kisha malizia na Nyerere mpaka Nyakato. Ukianzia Igoma kwa sababu tu unakaa Igoma, utalazimika kurudia kipande.

Kurudia si dhambi, lakini. Ukienda na kurudi kwenye barabara ileile, ramani inaonyesha mstari mmoja. Ndivyo ndevu za kambare zinavyopatikana: ingia kwenye mtaa usiotokea, geuza, toka.

Na jicho? Liko katikati, halijashikana na kitu.

Kwa mstari usiokatika, jicho lazima lishikwe na uzi. Chagua mtaa mmoja kutoka mdomoni hadi kwenye jicho, zunguka, rudi kwa mtaa uleule. Uzi ukikaa vizuri unaonekana kama mkunjo wa shavu. Ukikaa vibaya samaki anaonekana amevaa miwani.

Njia ya pili ni kusimamisha kurekodi kwa kidole, ukaenda mahali pengine, ukaendelea kurekodi. Strava itaunganisha nukta hizo mbili kwa mstari ulionyooka, hata kama kati yake kuna kilima cha Bugando. Wengi wanachora hivyo, na Lund mwenyewe ameitumia sana. Wapo wanaoiita udanganyifu. Mimi siiiti hivyo, maana inahitaji hesabu yake na umakini wake, lakini napenda zaidi mstari ambao kila kipande chake kimepitwa na tairi. Ukiitumia, sema umeitumia.

Kwa nini mstari wangu unayumba na kuruka?

Mara nyingi ni mojawapo ya mambo haya.

Mawe. Wimbi la setilaiti likigonga mwamba mkubwa au ghorofa kabla ya kukufikia, linakuwa limesafiri njia ndefu zaidi, na simu inakokotoa mahali pasipo penyewe. Chini ya miamba ya Bwiru au Isamilo, na katikati ya maghorofa ya mjini, tegemea mstari kutikisika. Usiweke sehemu nyeti ya picha hapo. Weka mkia au manyoya, kitu ambacho kikitikisika kidogo hakiharibiki.

Simu yenyewe. Hali ya kuokoa chaji huzima programu inayofanya kazi skrini ikiwa imefungwa. Dalili yake ni mstari ulionyooka kama fimbo ukipita juu ya nyumba za watu. Ingia kwenye mipangilio, iruhusu programu yako ifanye kazi muda wote, na upime kwa mzunguko mfupi wa mtaani kabla ya siku yenyewe.

Usiku. Sisi tuko karibu na ikweta, na katika ukanda huu tabaka la juu la angahewa huchafuka baada ya jua kuzama na kuyumbisha mawimbi ya setilaiti, zaidi karibu na Machi na Septemba, na katika miaka ambayo jua lenyewe lina misukosuko. Asubuhi ni shwari.

Naweza kuchora juu ya maji?

Ndiyo, na hii ni zawadi ya kuishi kando ya ziwa. Panda kivuko cha Kamanga na baiskeli yako, acha simu irekodi, na kivuko kitakuchorea mstari mrefu, laini, usio na kona hata moja, ambao hakuna barabara ya Mwanza inayoweza kuutoa. Mlingoti wa jahazi, ukamba wa nyavu, mdomo wa korongo: vyote vinapatikana kwa nauli ya kivuko. Simama upande wa wazi, si ndani ya bati.

Tangu Daraja la Magufuli la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kuna pia mzunguko mzima wa ghuba: mjini, Usagara, Kigongo, kilomita 3 za daraja, Busisi, Sengerema, Kamanga, na kivuko kukurudisha mjini. Ni safari ya siku nzima kwa mtu mwenye miguu, na picha yake inaonekana hata ukiitazama ramani ya ziwa zima. Baiskeli ipite pembeni kabisa, magari makubwa ni mengi.

Ukerewe nako nakupendekeza. Vilima vikali ni vichache, njia za vijijini ni nyingi, na baiskeli ndicho chombo cha wenyeji, hivyo hakuna atakayekushangaa.

Njia ninayoijua haipo kwenye ramani. Nifanye nini?

Iongeze. Ramani zinazotumiwa na programu nyingi za baiskeli zinatoka OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza 2004, na mtu yeyote anaweza kuihariri bure. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulitumia wanafunzi na wakazi kuingiza mitaa, mifereji na nyumba, kwa sababu ya mafuriko. Vichochoro vya Igogo, Mabatini au Kitangiri vinastahili kazi hiyohiyo. Faili la GPX ulilorekodi ukipita ni ushahidi tosha wa pa kuuchora mstari. Andika kama ni ngazi, kama ni udongo, kama baiskeli inapita au inabebwa.

Nasisitiza hili kwa sababu njia unayoiongeza haitabaki kwenye picha ya samaki tu. Kesho mtu wa bajaji anayetafuta nyumba ya mgonjwa, au muuguzi, ataikuta hapo.

Baiskeli ya aina gani?

Uliyonayo. Phoenix isiyo na geya inachora sawasawa na ya mashindano, ila vilima utavikumbuka. Breki ziwe nzima, hilo halina mjadala, kwa sababu Mwanza kila unachopanda utakishuka. Beba tyubu ya akiba, viraka na pampu. Pancha katikati ya bawa haiharibu mchoro: kaa hapohapo unapoziba, na usimamishe kurekodi, maana simu iliyotulia huanza kuchora fundo dogo la mistari mahali pamoja.

Siku na saa gani ni nzuri?

Jumapili alfajiri. Hapa jua linatoka saa moja kasoro, na kwa saa mbili au tatu za mwanzo Nyerere na Kenyatta zinapumua: daladala chache, bodaboda chache, malori hayajaamka. Soko Kuu, Mlango Mmoja na Mwaloni Kirumba usizipitie siku za kazi kama una haraka. Mvua za Machi hadi Mei hugeuza njia za udongo za Kishiri na Buswelu kuwa tope. Juni hadi Agosti ni miezi ya kuchora.

Watu wa mtaa wakiniona napita mara ya tatu, watanifikiriaje?

Watakufikiria vibaya, na wana haki. Mgeni anayezunguka mtaani akiangalia simu anatia shaka. Kwa hiyo salimia kabla hujasalimiwa. Kwa wazee, shikamoo; asubuhi, kwa wengi wa huku, "mwangaluka" ya Kisukuma inafungua milango ambayo Kiswahili hakifungui. Kisha simama, toa simu, onyesha picha ilipofikia. Nimeona wazee wakikataa kuniachia njia mpaka waelezwe, na dakika chache baadaye wakinielekeza kichochoro kizuri zaidi ya nilichopanga: "Pita hapa nyuma kwa mama lishe, mwanangu, mgongo wake utanyooka." Mgongo wa samaki ulinyooka kweli.

Mkienda kikundi, mwoneni mwenyekiti wa mtaa siku moja kabla. Mkiwa wengi hadi kuziba barabara, polisi nao wajue.

Kuna mahali pa kukwepa?

Kambi za jeshi, eneo la uwanja wa ndege, magereza, na kiwanja chochote chenye uzio. Januari 2018 ilibainika kwamba ramani ya Strava ya safari zote za watumiaji wake ilikuwa inaonyesha kambi za kijeshi sehemu mbalimbali duniani, kwa sababu askari walikuwa wakirekodi mazoezi yao. Mstari wako unasema ulipokuwa na saa uliyokuwepo.

Hilo linakuhusu hata nyumbani. Weka mpangilio wa kuficha mwanzo na mwisho wa safari, au anza kurekodi mita mia kadhaa kutoka mlangoni kwako. Watoto wasirekodi kwa akaunti iliyo wazi kwa kila mtu.

Ukifika ufukweni umechoka, usioshe miguu wala baiskeli ziwani. Kichocho kipo.

Nataka kuandika jina la mchumba.

Chagua herufi ndogo badala ya kubwa, ziandike zikiwa zimeshikana kama mwandiko wa daftari, na ombea jina fupi. Mitaa ya mjini kati inatosha herufi 3 au 4.

Naangaliaje simu huku naendesha?

Huangalii. Simu iwe kwenye kishikio cha usukani, au mfukoni ikikuelekeza kwa sauti kupitia spika ya sikio moja; sikio la pili ni la magari. Kona ngumu zijue kwa kichwa kabla hujatoka. Ukipotea, sogea pembeni kabisa, shuka, ndipo uangalie. Na helmeti uvae. Mchoro unaweza kurudiwa Jumapili ijayo.

Nikishamaliza, naweza kuwapa wengine njia yangu?

Wape, tena faili lenyewe la GPX na si picha tu, ili nao waiendeshe. Andika mahali pa kuanzia na uelekeo, kwa sababu kipepeo anayeanzia mjini kwa Makongoro ni mwepesi kuliko anayeanzia kwa Kenyatta, ambako unamaliza na vilima jua likiwa kali. Andika ulipita mwezi gani, hali ya njia, penye ngazi, penye mbwa, na fundi baiskeli anayefungua mapema.